Rais Mpya, Dirisha Lilelile la Dawa

Huduma za umma za kila siku ni zile zinazomfikia mwananchi bila sherehe: dawa za zahanati, maji ya bomba, darasa lenye mwalimu, kitambulisho, leseni, basi linalofika kituoni. Ilani za vyama huzitaja kwa mbali, chini ya vichwa vikubwa vya kuboresha sekta hii na ile, lakini ndizo wananchi wanazotumia kuupima uongozi mpya, na wana haki ya kufanya hivyo. Kama uongozi mpya unaweza kuziboresha ni swali ambalo Afrika Mashariki imekwisha kulijaribu mara kadhaa tangu mwaka 2000, na majibu yamepishana kulingana na huduma yenyewe. Kwa kifupi, unaweza. Ila uwezo huo mara nyingi haukai mahali ambapo kamera zinaelekezwa.

Kwa Tanzania Bara, jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba anayetoa huduma hizi si rais wala waziri. Zahanati, vituo vya afya, shule za msingi na za sekondari za serikali zinasimamiwa na halmashauri, chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Wizara ya Afya hutunga sera na miongozo; nesi wa zahanati ya kijijini anawajibika kwa mkurugenzi wa halmashauri, ambaye naye hungoja fedha kutoka Hazina. Kati ya neno linalotamkwa Dodoma na mgonjwa aliyesimama dirishani kuna ngazi nyingi, na kila ngazi ina mtu mwenye kalamu.

Chukua dawa moja ya kawaida, tuseme vidonge vya shinikizo la damu. Mganga mfawidhi wa zahanati hujaza fomu ya maombi akiangalia kilichotumika na kilichobaki stoo. Maombi hupitia kwa mfamasia wa wilaya, kisha huenda kanda ya Bohari ya Dawa, MSD. Huko huangaliwa mambo mawili: kama dawa ipo ghalani, na kama akaunti ya zahanati ina salio. Dawa ikikosekana MSD, kituo hupewa taarifa kwamba haipo ili kiruhusiwe kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeshindanishwa na kuteuliwa kwa mkoa mzima. Leja ikiwa imejazwa vibaya, maombi yanakuwa pungufu. Hazina ikichelewa, salio halitoshi. Mfamasia akiwa safarini, fomu inalala mezani. Mwisho wa yote mgonjwa huambiwa sentensi moja tu, kwamba dawa hakuna, akanunue nje, na hana njia ya kujua ni ngazi gani iliyokwama. Kiongozi mpya anayefika hapo kwa ziara ya kushtukiza naye hajui, isipokuwa akae chini asome leja.

Ziara ya namna hiyo iliyopata umaarufu kuliko zote ni ya Rais John Magufuli katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, tarehe 9 Novemba 2015, siku nne tu baada ya kuapishwa. Alikuta wagonjwa wamelala sakafuni na mashine za MRI na CT-Scan hazifanyi kazi. Aliivunja bodi ya hospitali na kumwondoa aliyekuwa akikaimu ukurugenzi. Siku chache baadaye mashine zilikuwa zinafanya kazi, na fedha zilizokuwa zimetengwa kwa hafla ya ufunguzi wa Bunge zikanunua vitanda. Sherehe za Uhuru za Desemba 9 zilifutwa, watu wakashika mafagio, na fedha zake zikapelekwa kwenye barabara ya Mwenge hadi Morocco. Wapo waliobeza wakisema yalikuwa maigizo. Hawakuwa sahihi kabisa: aliyepimwa kwa mashine iliyotengenezwa alipata huduma ambayo wiki iliyotangulia haikuwapo.

Kinachopaswa kuulizwa ni kwa nini amri ilifua dafu pale. Muhimbili ni hospitali moja, iko kilomita chache kutoka Ikulu ya Dar es Salaam, ina wataalamu, na tatizo lake lilikuwa la aina ambayo amri huiweza: malipo ya matengenezo yaliyokwama na menejimenti iliyozoea kukwama nayo. Zahanati za nchi hii ni maelfu. Rais akizuru moja kila siku bila kupumzika, mihula miwili itakwisha hajazimaliza. Na sehemu kubwa ya upungufu wa zahanati hizo haitokani na mtu aliyezembea. Inatokana na kitu ambacho hakijawahi kununuliwa au mtumishi ambaye hajawahi kuajiriwa. Huwezi kumtumbua, yaani kumfukuza kazi, mtu asiyekuwapo.

Hofu nayo ina gharama zake. Katika miaka ile watumishi waliwahi kazini, foleni za baadhi ya ofisi zilipungua, na kauli ya “njoo kesho” ilisikika kwa tahadhari zaidi. Lakini mtendaji anayeogopa kutumbuliwa hujifunza upesi kwamba uamuzi usiofanywa hauna saini yake. Faili gumu hupandishwa kwa mkubwa, mkubwa naye hulipandisha, mpaka jambo la kumalizwa wilayani linangoja kauli ya taifa. Matokeo hayo hayakuonekana kwenye taarifa ya habari. Yalionekana kwa wananchi waliokuwa wakifuatilia kibali au fidia.

Hatua kubwa zaidi ya kipindi hicho ilikuwa kusafisha orodha ya mishahara. Uhakiki wa watumishi hewa ulianza mwaka 2016, na kufikia 2017 majina zaidi ya 19,000 yalikuwa yameondolewa. Aprili 2017 ikaja orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Kwa upande wa fedha faida yake haina ubishi: mshahara wa mtu asiyekuwapo hauponyi wala haufundishi. Tatizo ni kwamba mwenye cheti cha kughushi, tofauti na mtumishi hewa, alikuwa akifika kazini. Zahanati yenye wahudumu wawili ikiondolewa mmoja inabaki na mmoja, ambaye akienda kuchukua dawa wilayani hufunga mlango na ufunguo. Kwa sababu ya uhakiki huohuo, serikali ilikuwa imesimamisha ajira mpya na upandishaji vyeo katikati ya mwaka 2016. Walimu waliostahili daraja walisubiri kwa miaka, na wahitimu wa ualimu na uuguzi wakarundikana mitaani huku vituo vikiomba watumishi. Kusafisha kulikuwa sahihi. Kusafisha bila kujaza nafasi kwa kasi ileile kuliwaachia wagonjwa na wanafunzi bili.

Elimu inaonyesha jambo jingine: tofauti kati ya kufungua mlango na kuwahudumia walioingia. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016. Athari yake ilionekana ndani ya wiki moja. Watoto wa darasa la kwanza walifurika, na katika maeneo yenye watu wengi kama Mbagala jijini Dar es Salaam madarasa yalijaa hadi mlangoni. Huu ni uthibitisho kwamba uamuzi wa juu unaweza kumfikia mtoto wa mwisho kijijini, kwa kuwa ulihusu kukataza, na kukataza hakuhitaji bohari.

Kilichofuata ni hesabu. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kilirithiwa kutoka mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, ulioanza 2002, wakati shilingi 10,000 zilikuwa sawa na dola kumi hivi. Mwaka 2016 dola kumi zilikuwa zaidi ya shilingi 20,000, lakini ruzuku ilikuwa ileile. Kati ya hizo, 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikaenda shuleni, yaani 500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Shule yenye wanafunzi 800 ilipata shilingi 400,000 kwa mwezi, za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na nauli ya mwalimu mkuu. Hapo awali mlinzi na bili ya maji vililipwa kwa michango ya wazazi. Sasa mwalimu mkuu aliyeomba mchango alikuwa anavunja agizo la serikali. Kwa haki ni lazima isemwe kwamba fedha hizo zilikuwa zikifika kila mwezi, moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, jambo ambalo chini ya MMEM halikuwa la uhakika. Wakuu wa shule na walimu wakuu walianza pia kupata posho ya madaraka. Njia ya fedha ilinyooka. Kiasi ndicho kilichokuwa haba.

Kenya ilikuwa imepita palepale miaka 13 kabla. Rais Mwai Kibaki aliapishwa Desemba 30, 2002, na Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo. Wanafunzi wakaongezeka kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2. Wizara mbili, katika nchi mbili, zilikutana na mafuriko yaleyale na msongamano uleule, na zote mbili zilijenga madarasa baada ya watoto kuketi sakafuni. Pengine siasa haiwezi kufuata mpangilio mwingine: asiyeona watoto sakafuni hatoi fedha za madarasa.

Mageuzi yaliyoigusa zahanati kwa undani zaidi hayana picha yoyote inayokumbukwa. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo vya kutolea huduma, badala ya kukaa makao makuu ya halmashauri. Zahanati ambayo haikuwahi kuwa na akaunti ya benki ikawa nayo. Ikawa na mpango wake wa mwaka, na kamati ya usimamizi yenye wajumbe wanaotoka kijijini. Mganga mfawidhi aliyekuwa akiandika barua kuomba dumu la dawa ya kusafishia sakafu, kisha kungoja miezi, aliweza kulinunua mjini baada ya kamati kukaa na mihutasari kusainiwa. Alipewa pia mzigo mpya: mtu aliyesomea tiba sasa anatunza daftari la fedha, na vituo vingi havina mhasibu. Mahali penye mganga mwaminifu na kamati inayokutana, mabadiliko yalionekana upesi. Mahali ambapo kamati ni majina tu yaliyobandikwa ukutani, fedha zilibadili mikono bila kubadili huduma.

Utaratibu wa mshitiri nao una historia ya namna hiyo. Ulianza Dodoma mwaka 2014, kabla ya uongozi wa 2015, kama jaribio la mkoa mmoja chini ya jina la Jazia, na kufikia 2018 ukawa nchi nzima. Hakuna mgombea aliyeuombea kura. Bajeti ya dawa, kwa takwimu za serikali, ilipanda kutoka shilingi bilioni 31 mwaka 2015/16 hadi bilioni 251 mwaka uliofuata, na hilo lilitajwa majukwaani mara nyingi, kwa sababu nzuri. Lakini bajeti ni ahadi. Dawa hununuliwa kwa fedha iliyotolewa, na tofauti kati ya iliyoidhinishwa na iliyotolewa ndiyo safu ambayo msomaji wa vitabu vya bajeti hana budi kuitafuta kwanza.

Ujenzi ulikwenda kwa kasi zaidi, na mbinu yake inafaa kuelezwa. Badala ya mkandarasi mmoja mkubwa, halmashauri zilitumia mafundi wa kawaida kwa utaratibu unaoitwa ofisini “force account”. Kituo cha afya kilipewa shilingi milioni 400 au 500, na jamii ikaunda kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Kamati ya mapokezi ilihesabu mifuko ya saruji ikishushwa kutoka kwenye gari na kusaini. Bila saini hiyo muuzaji halipwi. Majengo yaliyokuwa yakigharimu mara mbili yalikamilika kwa fedha hizo, na katika 2018/19 hospitali 67 za wilaya zikaanza kujengwa kwa shilingi bilioni 1.5 kila moja. Ripoti za mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, CAG, zimeonyesha pia upande wa pili: majengo yasiyokamilika na nyaraka zisizojitosheleza. Palipokamilika likabaki swali la watumishi. Jengo la upasuaji lenye rangi mpya na bila mtaalamu wa usingizi ni jengo tu, na mjamzito bado hupelekwa hospitali ya mbali usiku.

Maji yamefuata njia hiyohiyo kwa kuchelewa. Kwa miaka mingi tatizo la vijijini lilikuwa kwamba pampu zilikuwapo lakini hazitoi maji. Kamati ya kijiji haikukusanya fedha za matengenezo, na mhandisi wa wilaya alikuwa na kazi nyingine. Sheria ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuvipa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii wajibu ulioandikwa. Ni muundo bora kuliko ule uliotangulia, ingawa pampu iliyoharibika bado hutengenezwa kwa fedha, wala si kwa muundo.

Kenya inatoa kisa safi kabisa cha amri inayochakaa. Waziri wa uchukuzi John Michuki alitoa kanuni za matatu mwaka 2003, zikaanza kusimamiwa Februari 2004: mikanda kwa kila kiti, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano ubavuni, sare za dereva na utingo, na abiria 14 waliokaa, bila wa kusimama. Wenye matatu waligoma, wananchi wakatembea kwa miguu, waziri hakurudi nyuma. Kwa muda abiria wa Nairobi walisafiri kama watu. Kisha Michuki alihamishiwa wizara nyingine, mikanda ikachakaa, polisi wa barabarani wakarudia mazoea yao, na Novemba 2018 serikali ililazimika kutangaza msako mpya wa kusimamia kanuni zilezile. Hazikuwa zimefutwa. Zilikuwa zimemkosa mtu, na hazikuwa zimejengewa kitu kingine cha kuzishikilia.

Linganisha na Huduma Centre, vituo vya huduma za serikali nchini humo. Cha kwanza kilifunguliwa Novemba 2013 katika jengo la posta kuu Nairobi, sasa viko zaidi ya 50, na kila kaunti ina angalau kimoja. Mwananchi huchukua namba, hukaa, huitwa. Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na cheti cha maadili vyote viko chini ya paa moja. Serikali ilibadilika mwaka 2022 na vituo vikaendelea, kwa kuwa vina bajeti, wafanyakazi na wateja ambao wangepiga kelele kama vingefungwa. Foleni zipo, mtandao hukatika, na vishoka hawajaisha. Ila huduma haitegemei tena nani ni waziri.

Uongozi mpya unaweza pia kuharibu kinachofanya kazi nusu wakati wa kutafuta kinachofanya kazi yote. Kenya ilikuwa na mfuko wa bima ya afya, NHIF, tangu 1966, yenye madeni, udanganyifu na malalamiko mengi. Oktoba 1, 2024 nafasi yake ilichukuliwa na SHA, kwa makato ya asilimia 2.75 ya mshahara. Lengo la kuwafikia wote lina mantiki. Lakini katika wiki za kwanza wagonjwa wa figo na saratani walifika hospitali wakakuta mfumo hauwatambui, na baadhi ya hospitali zikadai fedha taslimu. Mgonjwa wa kusafishwa figo hana wiki mbili za kusubiri mfumo utulie. Kuhamisha huduma inayoendelea ni kazi ya hatari kuliko kuanzisha mpya, na wanasiasa hupenda tarehe ya uzinduzi kuliko kipindi cha majaribio.

Tanzania ilipoteza kitu kwa namna tofauti. Mwaka 2013 serikali ya Jakaya Kikwete ilianzisha Tekeleza Sasa kwa Matokeo Makubwa, kwa kuiga Malaysia: maeneo sita ya kipaumbele, viashiria vya wiki kwa wiki, na ofisi maalumu chini ya rais ya kufuatilia. Uongozi wa 2015 haukuupenda mpango huo, na mpango haukuchukua muda kufa. Ulikuwa na kasoro, hasa kupanga shule kwa rangi kufuatana na matokeo ya mitihani, lakini takwimu zake za ufuatiliaji zingemfaa mrithi yeyote. Mwaka 2021 mambo yalikwenda vizuri zaidi. Samia Suluhu Hassan alipoingia madarakani Machi mwaka huo aliacha utaratibu wa kamati za ujenzi uendelee, akarudisha upandishaji vyeo, na fedha za mkopo wa UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, zikajenga madarasa 15,000 kwa mtindo uleule wa mafundi wa kawaida. Januari 2022 waliochaguliwa kidato cha kwanza waliingia kwa mkupuo mmoja, badala ya wengine kusubiri awamu ya pili. Tozo za miamala zilizokusanywa kuanzia Julai 2021 kwa ajili ya vituo vya afya na madarasa ziliwaudhi watu kiasi cha kupunguzwa mara kadhaa. Hata hivyo lilikuwa jambo nadra, serikali kukubali wazi kwamba huduma ina bei na mtu ataulizwa ailipe.

Suala la mwisho ni muda. Uchaguzi mkuu wa Tanzania hufanyika Oktoba, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Rais mpya hutumia miezi minane ya kwanza ndani ya bajeti ya aliyemtangulia. Bajeti yake ya kwanza hupitishwa Juni, zabuni hutangazwa baada ya hapo, na saruji huanza kumwagwa mwaka wa pili. Mtumishi mpya wa afya akiajiriwa leo alianza chuo miaka mitatu au zaidi iliyopita. Kwa hiyo karibu kila kinachozinduliwa katika mwaka wa kwanza ni kazi ya mtangulizi. Kinachobaki ni matunda ya amri, ambayo huiva haraka na kuoza haraka.

Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yanaonyesha urefu wa safari hiyo. Wazo lilifanyiwa upembuzi wakati wa Rais Benjamin Mkapa. Wakala wa DART uliundwa na njia ya kilomita 21 ya awamu ya kwanza ikajengwa wakati wa Kikwete. Mabasi yalianza kubeba abiria Mei 2016, na Magufuli aliuzindua mradi rasmi Gerezani Januari 2017. Karakana iliwekwa bonde la Jangwani, ambako mto Msimbazi hufurika, na mabasi yaliharibika kwa maji ya mvua. Mabasi mapya yalichelewa miaka, na abiria wa Kimara wakazoea kung’ang’ania mlangoni asubuhi. Katika njia hiyo barabara haikuwa tatizo tena. Kilichokosekana ni mabasi ya kutosha, vipuri, karakana ya mahali pakavu, na mkataba wa kumbana mwendeshaji kwa kila basi lisilotoka.